Kusaini mkataba wa parachichi kwenye PDF, usiishie kubandika picha ya saini

Msimu wa parachichi ukikaribia huku Rungwe na Njombe mikataba inaanza kuingia WhatsApp, na wengi tunaprinti steshenari pale Mwanjelwa, tunasaini na peni, tunaskani, tunarudisha. Wengine ndio kabisa, wana picha ya saini wameikata wanaibandika kila PDF. Sasa hiyo picha yeyote mwenye faili lako anaikopi anaibandika anapotaka, ugomvi ukitokea utathibitishaje?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitambua saini ya kielektroniki, ila pale sheria inapodai saini inataka iliyo salama, yaani iwe yako peke yako, ikutambulishe, na waraka ukiguswa baadaye ijulikane. Saini ya dijitali inayaweza hayo: programu inapigia hesabu faili zima, jibu inalifunga kwa ufunguo wako wa siri, ukibadili hata bei ya kilo moja hesabu zinagoma.

Fungua Acrobat Reader, ile programu ya kusomea PDF, ya bure inatosha, ingia sehemu ya vyeti, chora boksi pa kusaini, kama huna kitambulisho cha dijitali (yaani ufunguo wako wa siri pamoja na cheti chake cha wazi chenye jina lako) itakutengenezea, kisevu na paswedi kwenye flashi yako, sio kompyuta ya steshenari jamani! Cheti cha kujitengenezea kitamletea mwenzako onyo kwamba hujulikani, ni kawaida, mtumie cheti (lile faili la wazi, la siri usimpe mtu) halafu mpigie simu msomeane namba ya utambulisho ya hicho cheti mpaka mwisho, zikilingana ndo akiamini. Mnunuzi wa nje anaweza kukataa, akataka cheti cha mtoaji anayetambulika, hicho kinalipiwa.

Kuna kiboksi cha kufunga waraka ukishasaini. Wa kwanza asikitiki, mwenzake atashindwa kusaini.

Kwenye mkataba wenyewe ongezeni kipengele kwamba pande zote zimekubali kusaini hivi. Tuma kama dokyumenti, sio skrinishoti, na lile faili ndio mkataba wenu, ukiprinti unabaki na picha tu ya saini, kwa hiyo litunze sehemu mbili.

Wosia au kuuza shamba usijaribu huku, hata kama mnunuzi yuko Dar na ana haraka, hayo peleka kwa wakili na karatasi na mashahidi.