Namna ya Kulinda Matumbawe Ukiwa Dodoma

Mkazi wa Dodoma anaweza kudhani kwamba matumbawe ni jambo la watu wa Mafia na Tanga, ilhali mto Kinyasungwe, unaokauka kiangazi na kufurika masika, hupeleka maji yake mto Mkondoa, kisha mto Wami, hadi Bahari ya Hindi. (Maji ya mto Bubu huishia bwawa la Bahi, hayafiki baharini, hivyo hayahusiki.)

Anza na shamba lako. Tumbawe ni mnyama mdogo anayelishwa kwa sehemu kubwa na mwani unaoishi ndani ya mwili wake. Tope la shambani likichukuliwa na mto na kutanda baharini, mwani huo hukosa mwanga, na tope likituama, humfukia mnyama mwenyewe. Kwa hiyo chimba makinga maji, yaani mitaro yenye tuta, kwa kukingama na mteremko, otesha majani juu ya tuta, na usilime hadi ukingoni mwa korongo. Naliona hili kuwa la maana kuliko mengine yote.

Sokoni, kagua samaki wa baharini kabla ya kununua. Aliyeuawa kwa baruti mara nyingi huwa amevunjika uti wa mgongo, na akipasuliwa, damu huonekana imevilia tumboni. Mkatae, kwa kuwa mlipuko huo huvunja mwamba wa matumbawe uliojengeka kwa miaka mingi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019; chupa bado zipo, basi usizitupe mtaroni. Ukienda pwani, usisimame juu ya mwamba wala usinunue tumbawe la pambo.