Picha zinachelewa kupanda kwenye WordPress? Zipunguze kabla hazijafika kwenye seva

Picha ikiganda kwenye asilimia 100 watu wengi wanalaumu bando, ila bando halina kosa hapo, hiyo 100 maana yake faili limeshafika na sasa seva ndo inalikata na kulibana upya mara kibao. Nimetoka kumsaidia dada mmoja anayeuza vitenge mtandaoni, tulifanya hivi.

Hatua ya 1. Hamisha picha kutoka kwenye simu kwa waya. Usijitumie WhatsApp, inazibana, na ukizibana tena maua ya kitenge yanavurugika.

Hatua ya 2. Punguza vipimo. Hapa ndo penye kazi, soma taratibu.

Kila picha unayopakia WordPress inaitolea nakala: pikseli 150, 300, 768, 1024, ikiwa kubwa inaongeza 1536 na 2048, ikizidi 2560 inatengeneza na nyingine yenye neno scaled kwenye jina. WooCommerce (plagini ya duka la mtandaoni) inaongeza za kwake, themu (muundo wa mwonekano wa tovuti) nayo za kwake. Halafu usiangalie uzito wa faili peke yake, maana picha ya simu ya megapikseli 50 inaweza kuwa MB 10 tu lakini ikifunguliwa inataka karibu MB 200 za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya seva), kila pikseli inakula baiti 4, na hosti (kampuni inayohifadhi tovuti yako) ya bei rahisi inaishiwa pumzi hapo hapo. Ndo unaona ule ujumbe kwamba seva iko bize, jaribu picha ndogo zaidi.

Kwa hiyo mimi naweka 1500 upande mrefu. Sio 1600! Ukiwa chini ya 1536 nakala za 1536, 2048 na scaled hazitengenezwi kabisa, na kwa picha ya bidhaa 1500 inatosha hata mteja akivuta aone mshono. Tumia ImageMagick, programu ya bure ya kuhariri picha kwa amri, tengeneza kwanza folda inaitwa ndogo ndani ya folda ya picha, kisha ukiwa ndani ya folda ya picha andika hii kwenye terminal:

`mogrify -path ndogo -auto-orient -resize "1500x1500>" -strip -quality 82 *.jpg`

Usisahau -path, bila hiyo inaandika juu ya picha zako za asili na hazirudi. -auto-orient nayo usiitoe, bila hiyo picha za wima zinaweza kulala, kwa sababu -strip inafuta taarifa ya simu ilishikwaje. Alama > inazuia picha ndogo zisivutwe zikawa kubwa. Kama amri zinakutisha tumia tovuti ya Squoosh, inabania humo humo kwenye brauza, ila ni picha moja moja, kwa picha nyingi utachoka.

Hatua ya 3. Plagini ya kubana picha, zima ile ya kubana papo hapo. Nyingi zinatuma kila nakala kwenye seva zao huko nje na kusubiri irudi, na kwa picha ulizokwisha kupunguza faida yake ni ndogo sana. AVIF (aina mpya ya faili la picha) pia usiitumie kama hosti ni ya kushea na tovuti za watu wengine, inabana vizuri kweli lakini CPU ya seva inaumia. WebP, aina nyingine ya faili la picha, inatosha, WordPress inaikubali tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021.

Hatua ya 4. Kwenye dashibodi ya WordPress ingia Settings, Media, saizi ambayo themu yako haitumii weka 0. Ile ya 150 usiiguse, maktaba ya picha nayo inaitumia. Za WooCommerce pia usiziondoe, ukiziondoa ukurasa wa bidhaa unaweza kuanza kumpakulia mteja picha nzima na yeye ndo bando litamwishia.

Hatua ya 5. Pakia tano tano, sio folda zima kwa mpigo.