Kufuga bata uani: anza na maji machafu

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu hapa Tabata kuuokoa ua wake. Alinunua bata, akawajengea banda zuri kuliko chumba nilichopanga mara ya kwanza nilipokuja Dar, kisha akachimba kidimbwi na kukisakafia kwa saruji. Masika hayajaisha, ua ukawa tope tupu, harufu imevuka ukuta na mjumbe ameshapita kuuliza kulikoni. Banda halikuwa na kasoro. Maji ndiyo hayakuwa na pa kwenda. Kwa hiyo usishangae kuona banda nimelisogeza chini kwenye orodha.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kununua

Sheria ndogo za kufuga mjini hazifanani kila halmashauri. Pita ofisi ya serikali ya mtaa, uliza. Ukimaliza, mwambie na jirani wa ukuta mmoja.

Hatua ya 2: Chagua bata

Kwa ua mdogo mimi nachukua hawa wa kienyeji wenye nyama nyekundu usoni, ambao vitabu huwaita Muscovy. Asili yao ni Amerika ya Kusini, lakini hapa kwetu wameshakuwa wenyeji. Jike hana kelele, na dume anafoka kwa pumzi tu. Jike anaatamia mwenyewe na kulea mwenyewe, ila uwe na subira: mayai yake yanachukua takriban siku 35, si 21 kama ya kuku. Pekin weupe wanataga vizuri na mayai yao huanguliwa kwa siku 28, lakini majike yao yanapiga kelele kuanzia alfajiri, na wengi hawana hamu ya kuatamia. Aina hizi mbili zikipandana, watoto wanaozaliwa hawazai.

Dume mmoja kwa majike wanne au watano yatosha. Madume wawili kwa majike watatu ni kuwatesa majike. Watang'olewa manyoya ya kisogoni mpaka damu. Na usifuge bata mmoja peke yake, ni ndege wa kundi.

Hatua ya 3: Maji yatoke wapi, yaende wapi

Hapa ndipo wengi wanapochoka na kuuza bata wote.

Bata hahitaji bwawa. Anahitaji maji yenye kina cha kuzamisha kichwa chote, kwa sababu ndivyo anavyosafisha macho na matundu ya pua. Mpe maji ya kwenye kisahani kama ya vifaranga vya kuku, utaona macho yanaanza kutoa povu na kunata. Pia lazima awe na maji kila anapokula: anameza, anakimbilia maji kusukumia, anarudi. Akila pumba kavu bila maji karibu, anaweza kukabwa.

Ninatumia vyombo viwili.

Cha kunywea ni dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula. La kemikali au la oili ya gari usiliguse, hata uoshe vipi. Lisimamishe, kata madirisha mawili ubavuni, kila moja upana wa kiganja, ukingo wa chini uwe kama sentimita 20 kutoka ardhini. Lainisha kingo kwa msasa. Kichwa kinaingia, mwili hauingii, kwa hiyo maji yanakaa safi muda mrefu kuliko kwenye karai. Vile vyombo vya kunyweshea kuku vinavyouzwa kwenye maduka ya pembejeo usivinunulie bata wakubwa, havina kina.

Cha kuogea ni beseni pana la plastiki. Kanuni yangu ni kwamba kama huwezi kulipindua peke yako likiwa limejaa, ni kubwa mno kwako. Kidimbwi cha saruji hakipinduki, ndiyo maana sikipendi. Utakichota kwa ndoo wiki ya kwanza, wiki ya pili utaahirisha, na wiki ya tatu kitakuwa supu ya kijani. Halafu kuna mbu. Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake huzaliana kwenye vyombo vya nyumbani vyenye maji yaliyotuama. Beseni linalomwagwa kila siku halimpi muda wa kukua.

Sasa shimo la kunyonya maji. Kabla hujachimba, pima udongo: fukua kishimo cha ukubwa wa ndoo, mimina maji, nenda kanywe chai. Ukirudi baada ya nusu saa ukayakuta yamenywea, una mchanga, endelea. Yakiwa bado yapo, una mfinyanzi, na shimo lolote utakalochimba litageuka bwawa. Mwenye mfinyanzi aache shimo, achimbe mfereji mwembamba wenye mteremko kuelekea kwenye migomba. Migomba inayapenda maji haya ajabu. Mchicha unaokaribia kuchumwa usiumwagilie, maana ni maji yenye kinyesi.

Kwa mwenye mchanga: futi tatu kwa tatu, kina futi mbili, mbali na kisima na mbali na msingi wa nyumba. Chini weka mawe na vipande vya tofali, juu kokoto. Usimalizie kwa mchanga hata fundi akikwambia unapendeza. Manyoya na tope vitauziba, maji yaelee juu. Juu ya kokoto weka kichanja cha mbao chenye nafasi za unene wa kidole. Nafasi zikiwa pana, mguu unanasa. Ukitumia waya badala ya mbao, nyayo zitachubuka, na kidonda cha unyayo wa bata kinavimba na kuchukua muda mrefu kupona. Vyombo vyote viwili vikae juu ya kichanja, ili kila tone linalorushwa lidondokee shimoni. Kila baada ya wiki chache nyanyua kichanja, parua uchafu wa juu ya kokoto.

Chakula kikae hatua tatu au nne kutoka kwenye maji. Kikikaa ubavuni mwa dumu, wataubeba unga mdomoni na kugeuza maji yote uji. Kikiwa mbali sana, watachora njia ya tope katikati ya ua. Sehemu hii ya kati mwage maranda au makapi ya mpunga.

Hatua ya 4: Banda

Kavu, lenye hewa, na la kufungwa usiku. Futi nne za mraba kwa kila bata zinatosha kwa kulala. Tumia wavu wa chuma wa matundu madogo. Ule mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka, hauzuii kicheche kuingia. Fungua saa tatu asubuhi, maana wengi hutaga alfajiri na mayai utayaokota ndani badala ya kuyatafuta vichakani.

Hatua ya 5: Chakula

Pumba za mahindi, chenga za mchele, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa wasio na chumvi, na majani. Loweka kidogo. Konokono watawatafuta wenyewe. Parachichi usiwape, ni sumu kwa ndege.

La kuogopa ni ukungu. Bata, hasa kifaranga, hudhurika na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, upesi kuliko kuku. Sumu hiyohiyo ndiyo iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Mahindi yaliyooza ambayo watu husema "wape bata" ndiyo hasa usiyowapa bata.

Hatua ya 6: Vifaranga

Mama yao akiwepo, muachie kazi. Wasio na mama wapashe joto la nyuzi 32 hivi wiki ya kwanza, kisha punguza kama nyuzi tatu kila wiki. Wasiogelee: mafuta ya kukinga manyoya huyapata kwa mama, bila hayo wanalowa, wanapoa na kufa hata hapa Dar kwenye joto.

Miguu ikianza kupinda, usikimbilie dawa ya minyoo. Mara nyingi ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3. Kifaranga wa bata anaihitaji zaidi ya wa kuku, na chakula cha vifaranga vya kuku hakimtoshi. Ongeza dagaa, ini lililochemshwa au karanga safi zilizosagwa, na umwone mtaalamu wa mifugo mapema kabla mguu haujakomaa ukiwa umepinda.

Funika juu kwa wavu mchana kutwa. Kunguru wa Dar hawahitaji maelezo.

Hatua ya 7: Chanjo na mabawa

Bata anaweza kubeba mdondo (kideri, ugonjwa unaoua kuku) bila kuonyesha dalili, akawamaliza kuku wako. Ukifuga vyote viwili, chanja wote siku moja.

Majike ya Muscovy yanaruka, na jirani hatakurudishia. Kata manyoya marefu ya bawa moja tu, yale kumi ya mwisho, kwa mkasi, na urudie kila yanapoota upya. Shina likiwa na damu ndani, liache mpaka likauke. Bawa la pili usiliguse. Ukiyakata yote mawili atabaki na mizani na bado ataruka ukuta.