Jinsi ya Kuingiza Majina ya Mahali ya Lugha Zaidi ya Moja katika OpenStreetMap, na Kuomba Yakaguliwe

Anayetaka kuingiza majina ya maeneo ya Kigoma au Tabora katika OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea mtandaoni, sharti kwanza afungue akaunti kwenye tovuti ya mradi huo, ambayo ni bure, na aithibitishe kwa kiungo atakachotumiwa kwa baruapepe. Ni vyema kutumia kompyuta, kwa kuwa kazi hii kwenye skrini ya simu inachosha.

Ukishaingia, sogeza ramani hadi mahali unapopafahamu, bonyeza kitufe cha kuhariri, kisha chagua alama ya mahali penyewe. Sehemu ya jina, yaani lebo ya name, hubeba jina moja tu: lile linalotumiwa na wenyeji na kuonekana kwenye vibao. Majina ya lugha nyingine huwekwa kila moja katika lebo yake yenye msimbo wa lugha, kwa mfano name:sw kwa Kiswahili, name:en kwa Kiingereza, name:fr kwa Kifaransa, name:rn kwa Kirundi, name:haq kwa Kiha na name:nym kwa Kinyamwezi. Kwa hiyo Hifadhi ya Taifa ya Gombe hubaki na jina hilo katika name:sw, na Gombe National Park huenda katika name:en.

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikuwa miongoni mwao: niliandika majina mawili ya mwalo wa Kibirizi katika sehemu moja, nikiyatenganisha kwa mkwaju (/), na ramani ikaonyesha mkururo mrefu usiotamkwa na mtu yeyote pale mwaloni. Kosa la pili ni kutafsiri. Eneo la Mwanga mjini Kigoma huitwa Mwanga hata na anayezungumza Kiingereza, na kulipachika neno la Kiingereza lenye maana ya nuru ni kubuni jina ambalo halipo. Jina lililoachwa kutumika huwekwa katika old_name, kama Usumbura kwa mji wa Bujumbura, nchini Burundi. Jina la pili linaloendelea kutumika huwekwa katika alt_name.

Usinakili majina kutoka ramani nyingine za mtandaoni, kwani haki miliki haziruhusu. Tegemea ulichokiona na unachokijua. Tahajia ya Kiha au Kinyamwezi ikikutatiza, waulize wazee wa mahali hapo, na wasipoafikiana, acha lebo hiyo wazi.

Kabla ya kuhifadhi, eleza kwa sentensi moja ulichobadilisha na chanzo chake, kisha weka tiki kwenye kisanduku cha kuomba mabadiliko yakaguliwe. Mabadiliko huingia papo hapo bila kusubiri idhini, ila tiki hiyo huwaashiria wachoraji wazoefu wayapitie. Maoni yao yatakufikia kwa baruapepe. Yajibu palepale chini ya mabadiliko yako, na urekebishe panapostahili.