Swichi mbili za SAN hazionani? Anza na mwanga

Mwezi wa saba Mbeya, saa moja asubuhi, nyuma ya raki la seva ndipo penye joto jengo zima. Kwa hiyo sikulalamika nilipoitwa ofisi moja maeneo ya Forest kwamba mfumo wa uhasibu unaganda. Walikuwa na swichi mbili za SAN, yaani mtandao unaounganisha seva na diski: moja jengo la mbele karibu na diski, nyingine jengo la nyuma zilipo seva, na kati yake faiba moja. Wiki ile zile kuukuu za kasi ya giga 4 zilitolewa, zikawekwa za giga 16. Kijana wa pale alikuwa ameshazima na kuwasha kila kitu mara tatu.

Mdogo wangu, hiyo acha. Ukizima swichi, kaunta za makosa zinarudi sifuri, na hizo ndizo shahidi wako.

Ingia kwenye swichi zote mbili, andika `switchshow`, usome mstari wa poti inayounganisha. (Amri zangu ni za Brocade. Kwenye MDS za Cisco majina ni mengine, njia ni ileile.) Ukikuta No_Module, SFP (kile kipande kidogo kinachochomekwa kwenye poti kutuma na kupokea mwanga) haipo au haijakaa sawasawa. Ikisema haina leseni ya POD (ruhusa ya kufungua poti za ziada), faiba haina kosa, nunua leseni ya poti.

No_Light maana yake poti haipokei mwanga. Mara nyingi vichwa viwili vya kebo vimepishana: panapotoa huku lazima paingie panapopokea kule. Vibadilishe upande mmoja tu, uangalie tena. Hakikisha pia SFP zote mbili ni za aina moja. Ya masafa mafupi inatumia mwanga wa nanomita 850 na kebo ya chungwa au ya samawati; ya masafa marefu ni 1310 na kebo ya njano. Na usichungulie ncha ya faiba kwa jicho. Huo mwanga huuoni, lakini unaumiza.

Mwanga ukiwepo ila una wasiwasi nao, `sfpshow` ikifuatwa na namba ya poti itakuonyesha nguvu inayotoka na inayoingia. Upande mmoja unatoa -2.5 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga), wa pili unapokea -11? Kuna kitu kimekula mwanga njiani, na kwetu huku kiangazi kitu hicho ni vumbi. Tumia kalamu ya kusafishia faiba. Usifutie sweta. Nimeona mtu akifutia sweta.

Sasa turudi Forest. Poti yao ilikuwa Online, E-Port (poti inayounganisha swichi na swichi), kila kitu kijani, na bado mfumo unaganda. Hapo ndipo watu wengi wanaiachia swichi na kwenda kuilaumu seva. Kaunta za zamani zilishapotea, kwa hiyo nikaandika `statsclear` kuanza kuhesabu upya, nikasubiri dakika kumi, kisha `porterrshow`. Safu ya crc err (vifurushi vya data vilivyoharibika) ilikuwa inapanda, na crc g_eof (vilivyoharibika lakini alama yao ya mwisho bado nzima) inapanda nayo. Hiyo ya pili ndiyo ya kuitazama: ikipanda, uharibifu umetokea kwenye kebo hiyohiyo iliyo mbele yako. Ikipanda ya kwanza peke yake, kosa limezaliwa kwingine na limepita tu hapo, lifuate lilikotoka.

Nikasafisha vichwa. Bado. Nikabadilisha SFP. Bado. Ndipo nikaitazama kebo yenyewe: ya chungwa, daraja la OM2, ile ya zamani. Ganda lake huwa limechapwa namba kila mita. Jengo la mbele nikasoma 112, la nyuma 174. Mita 62. Kwa giga 4 OM2 inafika mita 150, kwa giga 8 inaishia 50, kwa giga 16 ni 35 tu. Swichi mpya zilikuwa zinakimbia kwenye barabara isiyowatosha.

Nikafunga kasi pande zote mbili: `portcfgspeed 15 4`, yaani poti ya 15, giga 4. Kaunta zikatulia. Tukanywa chai, tukaagiza kebo ya daraja la juu zaidi, OM3, kutoka Dar. Hiyo kwa giga 16 inabeba mita 100.

Kuna shida nyingine ambayo mwanga hauna hatia: poti inaandika segmented, yaani swichi zimekataa kuungana. Soma sababu iliyo pembeni yake. Domain overlap ni swichi mbili zenye namba moja ya domeini (namba ya utambulisho wa swichi), na swichi nyingi mpya hutoka kiwandani na namba 1. Chagua ile isiyo na kazi, `switchdisable`, kisha `configure` uipe namba nyingine kati ya 1 na 239, kisha `switchenable`. Poti zake zote zitakatika kwa muda huo, kwa hiyo usiguse yenye diski za watu.

Zone conflict ni hatari zaidi. Swichi mbili zina orodha za zoni (makundi ya seva na diski zinazoruhusiwa kuonana) zenye jina moja na mambo tofauti, zinakataa kuungana. Tiba ni kufuta zoni za ile mpya: `cfgdisable`, `cfgclear`, `cfgsave`. Kabla ya kujibu yes, soma jina la swichi lililo mwanzo wa mstari. Lisome kwa sauti, mwenzako akusikie. Niliwahi kufungua madirisha mawili yanayofanana, nikafuta kwenye swichi siyo, na seva sita zikapoteza diski zake mchana kweupe. Tangu siku hiyo dirisha la swichi yenye kazi nalipa rangi nyekundu.

Ukimaliza, `islshow` ikuonyeshe kiungo, na `fabricshow` ikutajie swichi zote mbili kutoka upande wowote unaoulizia.

Kebo ya Forest ilishuka na basi siku ya nne. Kijana akaivuta mwenyewe, mimi nikarudisha poti kwenye 0, ijichagulie kasi. Ikasimama N16, yaani giga 16 iliyojichagulia yenyewe, na crc err ikabaki sifuri hadi tunafunga mlango jioni.