Kituo chenu cha mbwa hakina hela? Anzieni hapa kabla ya kuomba msaada

Wadau wa wanyama huku Nyanda za Juu Kusini, hii nawaandikia wale wenye kituo kidogo kijijini, yaani kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba, mbwa kadhaa waliookotwa barabarani, paka wawili watatu, pengine na punda aliyetelekezwa na mwenye mkokoteni, hela hakuna na majirani wanalalamika kelele. Wengi tukifika hapo akili inakimbilia kuomba msaada wa kujenga banda la tofali. Mi naona hiyo ije mwisho kabisa. Vituo vingi vinaanza kushindwa kwa idadi, kisha unyevu, hela inakuja ya tatu.

Tuanze na idadi. Huko Marekani wanaoendesha vituo vya wanyama wanapiga hesabu ya dakika 15 kwa mnyama mmoja kwa siku, hiyo ni usafi na kulisha tu, kumtibu na kumtembeza hakumo. Kwaiyo mbwa 20 ni masaa matano ya kazi kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sasa kama wanaoshinda pale ni wewe na kijana anayetoka shule saa kumi jioni, halafu mna mbwa 40, hapo hata mletewe lori la chakula bado banda litanuka na ugonjwa ukiingia utapita na vitoto vya mbwa vyote. Kaeni muandike ukutani namba ambayo mikono yenu inaiweza, mkiifikia mnasema hapana. Kuna wale wa kuacha boksi la vitoto getini usiku na kukimbia, hao huwawezi, ila anayekuja mchana mwambie hivi: kaka, sisi tutakupa dawa ya minyoo na tutakusaidia mama yao afungwe uzazi, ila mbwa wakae kwako. Ukifanya hivo umesaidia mbwa na kituo hakijaongezeka hata mmoja. Halafu dume na jike watenganisheni leo leo msisubiri daktari, mimba ya mbwa ni kama siku 63 tu.

Sasa unyevu na baridi, na hapa nitakaa kidogo maana miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu ambao hawajawahi kulala Makete mwezi wa saba. Ushauri wa "weka sakafu ya simenti iwe rahisi kuosha" ni mzuri kwa Dar, huku mbwa akilala kwenye simenti tupu usiku kucha asubuhi unakuta anatetemeka na vitoto vimekakamaa. Simenti weka ukiweza, ila juu yake lazima kuwe na kitanda kilichonyanyuka, hata sentimita 10 zinatosha, upepo upite chini na mkojo udondoke. Mabanzi ndo mkombozi wetu, ukienda kwenye mashine za mbao Mafinga na maeneo yanayozunguka msitu wa Sao Hill yamerundikana, ongea na fundi vizuri utapata kwa bei ya kumbebesha mtu wa gari tu. Kagua misumari. Usichukue mbao zilizotiwa dawa ya nguzo, mbwa anatafuna. Na ile tabia yetu ya kupaka oili chafu kwenye mbao kuzuia mchwa, kwenye banda la mnyama acha, anailamba na inamuunguza ngozi.

Ukubwa wa kijumba cha kulalia uwe mdogo, mbwa aweze kuingia, kugeuka na kulala basi, kikiwa kikubwa joto lake mwenyewe linapotea. Mlango uangalie upande ambao upepo hautoki. Kwa Tukuyu na Rungwe yote ambako mvua haina adabu, refusha bati mbele ya mlango na uchimbe mtaro kuzunguka banda, mtaro ni jembe na nusu siku, hauhitaji mfadhili.

Matandiko: mablanketi ya mitumba yanapendeza kwenye picha ila yakilowa yanashika maji na baridi, na nani atayafua kila siku kipindi cha masika? Nyasi kavu ni bora, ngano au mpunga, wa Mbarali na Igurusi nyie mna nyasi za mpunga mpaka mnachoma. Mbwa anajichimbia ndani yake anapata joto. Zikilowa unazitoa unaweka mpya. Maranda pia yanafaa ila yawe yale ya randa, makavu, sio vumbi laini la msumeno linaloingia puani na machoni. Kwa vitoto vya chini ya wiki tatu, hao hawawezi kujipasha wenyewe, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa inawatosha, ibadilishe kabla haijapoa. JIKO LA MKAA ndani ya banda lililofungwa ni marufuku, ile hewa yake inaua watu kila msimu wa baridi sembuse mbwa.

Usafi: kinachobadilisha kituo ni mpangilio wa kazi, sabuni ni ile ile. Anza na vitoto wazima, kisha wakubwa wazima, kisha wageni, wagonjwa mwisho. Ukianza na mgonjwa halafu ukaingia kwa watoto na gambuti zile zile wewe ndo unabeba ugonjwa. Mgeni yeyote akae peke yake siku 14 upande mwingine wa kiwanja, na awe na bakuli lake na fagio lake. Parvo, ile ya kutapika na kuhara damu yenye harufu ambayo ukishaisikia husahau, virusi vyake vinakaa kwenye udongo miezi mingi hata mwaka, na dawa nyingi za kunukia za kusafishia choo hazivigusi. Jiki inaviua, ila sharti uchafu utolewe kwanza kwa maji na sabuni, ukimwaga jiki juu ya kinyesi umemwaga hela. Soma asilimia kwenye chupa, ikiwa kama 5 changanya sehemu moja ya jiki na 30 za maji, ikiwa 3.5 weka 20 za maji, iache dakika 10 ndo usuuze, wanyama wawe nje mpaka pakauke. Usichanganye na dawa nyingine ya choo na mkojo uoshwe kwanza, inatoa hewa mbaya ya kukaba kifua. Ila kwenye sakafu ya udongo jiki haisaidii sana, kwaiyo eneo lililopata parvo usirudishie vitoto visivyo na chanjo, weka wakubwa waliochanjwa.

Chakula tusidanganyane, ni ugali. Sawa, lakini ugali mtupu mbwa anajaa tumbo huku mbavu zinahesabika. Weka dagaa au usipa kutoka Kyela, wale waliovunjika sokoni wanauzwa rahisi, waoshe mchanga utoke. Buchani omba utumbo na vichwa. Ukichukua machinjioni, maini na mapafu yenye malengelenge usiwape mabichi hata kama ni ya bure, ndani kuna minyoo ya tegu inayokua kwa mbwa na mayai yake yakitoka kwenye kinyesi yanarudi kwa binadamu, na hapo watoto wako ndo wa kwanza. Yazikwe shimo refu, nyama iliyobaki ichemke hasa. Mahindi yenye ukungu ambayo watu wanakuletea kwa moyo mweupe "wape mbwa" yakatae pia, sumukuvu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016 inaharibu ini la mbwa, tena haraka. Mifupa iliyopikwa hapana, inapasuka vipande. Paka kwa ugali haishi, huyo lazima samaki au nyama kila siku.

Upele na kupe. Usimpake mbwa oili chafu jamani, wala usimuogeshe kwa dawa ya ng'ombe kwa kukadiria na kifuniko. Na hii waambie wote wanaosaidia pale: dawa ya viroboto yenye permethrin, ambayo mbwa anavumilia, inaua paka, hata kulala na mbwa aliyetoka kupakwa kunatosha kumdhuru. Huku kwetu tunalima pareto tunaona ni kitu cha shambani tu, permethrin ni ndugu yake ya kiwandani, kwa paka haina undugu. Dawa za sindano mwachie afisa mifugo wa kata, na upasuaji wa kufunga uzazi ni wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa, sio kijana mwenye wembe na ujasiri. Minyoo ndo rahisi zaidi, vitoto vinaanza kupewa wakiwa na wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka wafike nane.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala, kila mbwa na paka achanjwe na kadi iwepo. Chanjo ikae nyuzi 2 mpaka 8, ikisafiri kwenye boda juani kutoka mjini inaweza kuharibika, nenda na kibaridi chenye barafu. Septemba 28 ni siku ya kichaa cha mbwa duniani na halmashauri nyingi huwa na chanjo ya bure au bei nafuu kipindi hicho, peleka barua kwa daktari wa mifugo wa wilaya mapema, mwezi wa saba au wa nane, umwambie mna wangapi. Mtu aking'atwa aoshe kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, saa ya simu iwekwe, kisha hospitali siku hiyo hiyo, habari za kubandika kitunguu au jiwe tuachane nazo.

Sasa hela. Kama kweli mmefanya hayo, kuomba kunakuwa kwepesi maana mnajua mnachoomba. "Tunaomba msaada kwa ajili ya wanyama" haimgusi mtu, ila "tunahitaji dagaa debe moja na chanjo za mbwa sita kabla ya mwisho wa mwezi" hata mama wa duka anaweza kuchangia. Vyuo vya mifugo wanafunzi wake wanahangaika kutafuta sehemu za fildi, andikeni barua, chuo cha mifugo cha LITA Madaba kipo huku huku kusini. Jisajilini kama kikundi kwa afisa maendeleo ya jamii, laini ya kupokelea pesa iwe ya kikundi, ile ya mtu binafsi ndo inazaa majungu. Ikifaa wekeni barua kwa mtendaji wa kijiji, mbwa wa kituo wavae mikanda ya rangi moja, ili siku ya operesheni ya mbwa wazururaji wajulikane. Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, nakala yake ichapisheni, mwenye kelele mkamuoneshe taratibu bila ubabe. Risiti za dawa wekeni kwenye faili moja na kadi za chanjo, mtu wa halmashauri akija hizo ndo atauliza kwanza.