Pikapu Kuukuu Ikibana Breki: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Spea

Ukitoa mguu kwenye mafuta gari likafa mwendo kana kwamba linapanda mlima, ilhali barabara ya Malindi hadi Gede ni tambarare, jua breki zinashika. Usikimbilie dukani.

Hakikisha handibreki imeshuka yote. Endesha kilomita tano hivi bila kukanyaga breki ovyo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu. Usiguse. Gurudumu lenye ugonjwa utalijua kwa joto na harufu ya kuungua.

Yakiwa na moto yote manne, anzia masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki) na sevo (kifaa kinachouongezea mguu nguvu). Pedali lazima icheze kidogo kabla ya kuanza kusukuma. Yakiwa ya nyuma peke yake, shuku waya wa handibreki. Hewa yetu ya chumvi huula waya ukiwa ndani ya ala yake usiuone, na magari yanayobeba chumvi ya Gongoni na Marereni ndiyo huumia zaidi.

Likiwa moja la mbele, nisikilize vizuri.

Langu lilikuwa la kushoto. Fundi wa kwanza alisema kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu, nikanunua kalipa. Siku tatu likashika tena. Akasema pedi, nikanunua pedi, na diski ikachongwa. Nikapakia maembe ya Magarini kupeleka soko la Kongowea, Mombasa, mimi na utingo wangu. Tulipokaribia Kilifi moshi ukatoka chini, na nilipokanyaga breki pedali ikazama: mafuta ya breki yalikuwa yamechemka kwa joto la lile gurudumu. Mbele yetu ni mteremko wa darajani. Nilishusha gia moja moja, nikavuta handibreki kidogo kidogo hadi tukasimama pembeni. Yule kijana hakusema neno kwa muda mrefu. Ana mama anayemtegemea, na mimi ndiye niliyempandisha gari lile.

Asubuhi tukapata fundi mzee. Akaweka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, akainua gari kwa jeki na kulikalisha juu ya stendi. “Mwanangu, kanyaga pedali mara tatu, kisha achia.” Gurudumu likashika. Akalegeza pale bomba la chuma linapoungana na hosi ya mpira: bado limeshika. Akalegeza nati ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa. Mafuta yakaruka, gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja.

Aliikata ile hosi kwa kisu mbele yangu. Nje nzima kabisa, ndani mpira umevimba hadi njia haipitishi hata njiti ya kiberiti. Mguu wako una nguvu ya kusukuma mafuta yapenye. Kuyarudisha ni kazi ya sili tu, ule mpira unaozunguka pistoni inayosukuma pedi, nayo nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo mafuta yanabaki yamefungiwa na pedi zinaendelea kubana. Nilinunua kalipa nzima kwa kosa la kipande cha mpira.

Kwa hiyo mwambie fundi afungue nati hiyo kabla hujatoa hata shilingi. Gurudumu likiachia, tatizo ni mafuta yaliyofungiwa. Lisipoachia, kalipa yenyewe ina kutu kwenye pistoni, au pini zake zimekauka. Pini zisafishwe na kupakwa grisi ya breki, si grisi ya beringi. Hosi za mbele zibadilishwe mbili pamoja, kwa sababu zimezeeka pamoja. Na ukishafungua, hewa itolewe yote kabla gari halijasogea.

Mafuta ya breki weka aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake garini. Oili ya injini hata kidogo huvimbisha mipira yote. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya huvumilia angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, lakini hunyonya unyevu, na ikishanyonya kiwango chake kinaweza kushuka hadi 140. Badilisha kila miaka miwili, nawe unaishi ufukweni.

Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo, pedi za zamani zilikuwa na asbesto. Diski yenye moto usiimwagie maji, inaweza kupasuka. Wala usiegeshe gari hilo juu ya majani makavu au karibu na banda la makuti hadi magurudumu yapoe.